Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maumivu Baada ya Kupasuliwa Kifua

Ndugu wanachama, salaam.

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Mliolipa ada mapema, ahsanteni. Ndizo zilizowalipia nauli wagonjwa wa Likoni na Kisauni kwenda kliniki.

Lililotushughulisha zaidi mwaka huu ni maumivu. Tumelelewa tukiambiwa tuvumilie, ila kidonda cha kifua hakitaki uvumilivu wa namna hiyo. Anayeumwa hapumui kwa kina wala hakohoi, makohozi yanajaa mapafuni, na nimonia humwingia upesi.

Ndiyo maana kikao cha sindano ya mgongo kilijaza ukumbi. Muuguzi wa thieta, mwanachama mwenzetu, alimkalisha kijana ukingoni mwa meza, akamkumbatisha mto na kumwinamisha kidevu mpaka mgongo ukajikunja kama kamba wa baharini. Kisha akatuonyesha kwa kidole. Kwa upasuaji wa pafu, kimpira chembamba cha epidurali, kinachokaa nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, hupitishwa katikati ya mabega na kuachwa siku kadhaa kikipeleka dawa ya ganzi. Sindano ya uti wa mgongo ni nyingine: huchomwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya mgongo, unapoishia kwa mtu mzima, na dozi moja ndogo ya mofini huweza kutuliza maumivu hadi saa 24. Mofini hiyo yaweza kuleta mwasho, kuzuia mkojo na, kubwa zaidi, kupunguza pumzi saa nyingi baadaye, wodi ikiwa imelala.

Wapo wanaokataa kwa kuogopa mgongo kuuma maisha. Utafiti kwa akina mama waliojifungua kwa epidurali haukuona hivyo.

Mama mmoja aliuliza kwa nini mwanawe aliyefanyiwa upasuaji wa moyo hakuwekewa kimpira. Mashine ya moyo na mapafu inapotumika, mgonjwa hupewa heparini nyingi ili damu isigande. Mshipa mdogo uliochomwa na sindano ukivuja wakati huo, damu hujikusanya na kuubana uti. Ni nadra sana, lakini mtu anaweza kupooza miguu. Kwa hiyo madaktari wengi humchomea mgonjwa wa moyo ganzi ya ukuta wa kifua, nami naona wamefanya la busara. Kwa pafu bado naiunga mkono epidurali, mradi awepo wa kuangalia miguu usiku. Wodi isiyo na mtu huyo isiweke kimpira.

Nanyi jamaa, mkienda kumwona mgonjwa mwenye kimpira, mwambieni achezeshe vidole vya miguu na kuinua goti. Akishindwa ghafla, au mgongo ukianza kumuuma upya, muiteni muuguzi papo hapo. Huenda ni ganzi tu imezidi. Kama ni damu, asipopasuliwa ndani ya saa chache, nguvu za miguu huenda zisirudi.

Anayetumia warfarini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kliniki mapema, kwa kuwa dawa hizo huhitaji kusimamishwa siku kadhaa kabla ya sindano. Asiache mwenyewe, hasa mwenye vali ya bandia ya moyo: damu inaweza kuganda kwenye vali.

Kamati imekubali kuchapisha kadi ya mfukoni ya kuandikia dawa hizo na mara ya mwisho kuzimeza. Anayeweza kusaidia kuiandaa amwone katibu kabla hatujaondoka leo.