Mbunge miaka 5, kijana wa dagaa maisha yake yote?

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la rekodi ya wizi maana huku Kigoma linatuumiza na sioni likiongelewa. Watu wanabishana vifungo viwe virefu au vifupi, lakini kifungo kinaisha, rekodi ndo haiishi.

Kanuni ya Adhabu inasema wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 7 na haiangalii thamani, uibe kitochi au uibe mamilioni kosa ni wizi tu. Marekani kila jimbo lina sheria yake, California tangu kura ya 2014 wizi wa mali isiyozidi dola 950 kwa kawaida ni kosa dogo, Texas kosa kubwa kwa kawaida linaanzia dola 2,500. Sisi hatuna mstari kama huo, kwa hiyo kwenye rekodi wote ni wezi tu.

Mpwa wangu pale Kibirizi akiwa kijana mdogo aliiba betri ya taa za kuvulia dagaa. Mwenye mtumbwi alipata hasara na mimi simtetei mpwa wangu hata kidogo, alikamatwa, akakiri, akafungwa, kifungo akakimaliza. Akatoka akajifunza kuchomelea mageti na leo ni fundi mzuri kweli, ila kazi za maana huku ni za ujenzi wa reli, bandari na mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ukienda huko unaweza kuambiwa ulete cheti cha tabia njema cha polisi, unachukuliwa alama za vidole na kila kitu kinaonekana. Kampuni moja walimpima kazi wakamsifia, kuona rekodi wakanyamaza mpaka leo. Miaka imepita na hajarudia kosa lolote!

Sasa someni Katiba ibara ya 67. Aliyefungwa kwa kosa la kukosa uaminifu anazuiwa kugombea ubunge kama hukumu ilitoka ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu, ikishapita hiyo 5 kifungo kisichozidi miezi 6 hakimzuii tena. Yani akae Dodoma apitishe bajeti ya nchi nzima sawa, kuchomelea nondo bandarini inakuwa shida? Na msamaha wa Rais wa Desemba 9 tunaushukuru, unatoa watu gerezani mapema, lakini wakitoka wanakutana na swali lilelile la cheti.

Pennsylvania walipitisha sheria 2018 kwamba mwenye makosa madogo akikaa miaka 10 (2023 wakapunguza iwe 7) bila hukumu nyingine rekodi inafichwa yenyewe bila kuomba wala kulipa wakili, polisi na mahakama bado wanaiona ila mwajiri kwa kawaida haioni. Mimi naona hiyo ni haki kwa pande zote maana akirudia kuiba hakimu atajua huyu si mara yake ya kwanza.

Wabunge wetu wa Kigoma, pelekeni hoja hii bungeni. Wizi wa mara ya kwanza, usio na silaha wala kumuumiza mtu, na mali iwe imerudishwa au kulipwa, basi baada ya miaka 5 ya kukaa salama cheti kitoke safi. Wezi wa kujirudia na waliokomba fedha za umma wasiwemo kabisa.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma