Beji isiwe shahidi wa bastola

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wasomaji wenu walioko Marekani, hasa Texas, wanaoanza kukusanya vitu vya kale. Minadani huko bastola ya zamani na beji ya askari huwekwa katika kisanduku kimoja na kuuzwa pamoja. Beji inaitolea ushahidi bastola, bastola nayo inaitolea ushahidi beji, na mnunuzi anawaamini mashahidi wote wawili. Kila kimoja kikaguliwe peke yake.

Tuchukue Colt Single Action Army, bastola ya silinda ya Marekani iliyoanza kutengenezwa 1873 na kuigwa mno. Kwanza hakikisha haina risasi: vuta nyundo mpaka mlio wa pili, fungua kilango cha kulia nyuma ya silinda, zungusha silinda uone matundu yote sita. Usiijaribu kwa risasi za leo. Fremu (kiunzi cha bastola) za mwanzo ziliundwa kuhimili risasi za baruti nyeusi ya zamani.

Kisha soma namba ya kiwandani. Ipo chini ya fremu mbele ya kikinga cha triga, kwenye kikinga chenyewe, na chini ya mpini kwenye chuma cha nyuma. Zote tatu zilingane. Sheria ya Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa 1898 au kabla, na kwa Colt hii mpaka huo uko karibu na namba 182,000. Hapo ndipo matapeli wanapochezea tarakimu. Chuma kilichopigwa tupa huacha kibonde: simamisha ukingo wa rula juu ya namba, mulika tochi upande wa pili, na mwanga utapenya chini ya rula. Tazama pia pini ya silinda, yaani mhimili ambao silinda huzungukia. Fremu za mwanzo huikaza kwa skrubu iliyo mbele. Za miaka ya 1890 na kuendelea zina kitufe cha springi kinachopita ubavuni. Ukikuta namba ya miaka ya 1870 kwenye fremu ya kitufe, rudisha mezani.

Nakala za Italia hupigwa mihuri ya ukaguzi, na kijisanduku chenye herufi za mwaka. Mhuri huo wa mwaka ni wa baada ya Vita Kuu ya Pili. Tapeli huusaga unaoonekana, lakini mara nyingi husahau ulio chini ya mtutu, uliofichwa na bomba la kusukumia maganda.

Kutu nayo husema. Bastola iliyokaa kwenye ala miaka mingi hupauka mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda, na rangi ya buluu hubaki kwenye vifichio. Iliyozeeshwa kwa dawa ina kutu ya rangi moja kila mahali, hata ndani ya mifuo ya skrubu. Maandishi makali juu ya chuma kilicholiwa na kutu yamepigwa baada ya kutu, si kabla.

Sasa beji, ambako uongo ni mwingi zaidi. Texas Rangers, askari wa jimbo la Texas, wa karne ya 19 hawakupewa beji rasmi na jimbo. Waliovaa walijitengenezea au waliagiza kwa sonara. Beji zao rasmi zilianza 1935, na ile ya fedha iliyokatwa kwenye sarafu ya Meksiko ya peso tano ilianza 1962. Marshali, askari wa serikali kuu, nao walipata beji ya aina moja 1941. Kwa hiyo nyota inayodaiwa kuwa ya “1880”, yenye umbo lilelile la leo, itilie shaka kubwa.

Igeuze. Beji ya zamani mara nyingi ilikatwa kwenye bamba na kuchongwa kwa mkono, na ukitumia kioo cha kukuzia utaona kila mfuo una mwanzo na mwisho. Ya kumiminwa kwenye kalibu ina vitundu kama ngozi ya chungwa, na herufi zake ni butu. Bawaba na ndoana ya pini ya kale zililehemiwa kila moja mahali pake. Ukiona pini ya dukani iliyo juu ya kibamba kimoja, yenye kifungo cha kuzungusha, hiyo ni kazi ya karne ya 20 au yetu.

Kumbukumbu za Colt hutoa barua ya kiwandani inayotaja namba, tarehe na mahali bastola ilikopelekwa. Haitaji beji. Basi mwombe muuzaji aandike kwenye risiti bei ya bastola peke yake na bei ya beji peke yake, kabla hujatoa pesa.

Mkusanyaji wa vitu vya kale,
Texas