Barua kwa Baba: dansi ya barafuni

Nottingham, Uingereza

Baba, shikamoo.

Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Ulicheka sana kwenye simu niliposema nakesha natazama dansi ya barafuni, nikaona bora nikuandikie.

Ni mwanamume na mwanamke wanaocheza dansi wakiteleza juu ya barafu, viatu vyao vina chuma chini. Usiichanganye na ile aina nyingine ya kuteleza, ya kurushana hewani. Hapa mwanamume haruhusiwi kumwinua mwenzake juu ya kichwa wala kumrusha. Kinachotazamwa ni miguu, na jinsi walivyoshikana. Wakiachana kidogo, jicho linaona.

Mji huu ndio wa Jayne Torvill na Christopher Dean. Yule dada alikuwa karani wa bima, mwenzake polisi. Nje ya ukumbi wa barafu pana uwanja unaitwa Bolero Square, kwa jina la muziki, Bolero, waliouchezea kwenye Olimpiki ya Sarajevo, Februari 1984. Bara hatukuwa na televisheni, ndiyo maana hukuwaona. Muziki wenyewe ulizidi muda unaoruhusiwa, na saa ilihesabiwa tangu chuma cha kiatu kinapoanza kuteleza. Basi wakaanza wamepiga magoti, wanayumba tu taratibu, sekunde zinapita bila kuhesabiwa! Majaji wote 9 wakawapa 6.0 ya usanii, alama ya juu kabisa wakati ule.

Kazini kwangu ukisema wapo waliowazidi, chai hupewi siku hiyo. Ni ubishi uleule wenu wa bendi za Msondo na Sikinde.

Mimi lakini ni wa Wakanada, Tessa Virtue na Scott Moir. Walianza kucheza pamoja 1997, wakiwa watoto. Walichukua dhahabu ya Olimpiki Vancouver 2010, wakapata fedha Sochi, wakapumzika misimu miwili, kisha wakarudi kuichukua tena Pyeongchang 2018. Waliwapita Wafaransa, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron, kwa pointi 0.79. Na siku ya kwanza gauni la Gabriella lilikuwa limefunguka shingoni, maskini, akacheza hivyohivyo hadi mwisho. Beijing 2022 Wafaransa wakaipata dhahabu yao, na nilifurahi. Walikuwa wakiteleza kama maji, siwabezi. Ila niliona kama kila mmoja anacheza na upepo wake. Wale Wakanada walikuwa wakitazamana, Baba, kama wewe na Mama mlipokuwa mkisikia gitaa la solo.

Kinachoniuma ni zile dansi za lazima, zilizofutwa 2010. Jozi zote zilicheza hatua zilezile, kwa mfano tango au walsi. Walisema zinachosha watazamaji. Mimi nimejifunza kutazama kwenye video zake: wakishapita watu 10 kwa hatua zilezile, fundi anajulikana bila kuambiwa.

Shemeji anakuja Dar mwezi ujao, nimempa flashi yenye video za dansi hizi. Iko pamoja na soksi zako. Anza na ile ya 1984, na sauti uifungulie hasa, mwanzoni ngoma inapigwa chini sana.

Mwanao,
Zuhura