Mwanangu, kabla hujanunua hiyo bastola

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Baba yako goti limetulia kidogo, anakusalimu.

Tangu uliponiambia Jumapili kwamba unataka kuweka bastola nyumbani kwako huko Minnesota, Marekani, chakula hakinipiti. Kwenye simu nilinyamaza kwa sababu mkeo alikuwa karibu. Sasa nakuandikia, nawe tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Hofu yako naijua. Gari la jirani limevunjwa, usiku mnasikia risasi, na ndani una watoto wawili. Juni 2014, walipouawa watu zaidi ya 60 kule Mpeketoni, bara ya huku kwetu Lamu, mimi pia nililala macho wazi. Julai ikaja kafyu, wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku, na wavu wa baba yako ukakaa uani mpaka panya wakautoboa. Siku zile ningepewa bunduki ningeipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo sikulaumu kuogopa.

Lakini kuna jambo sijapata kukuambia.

Ulikuwa na miaka mitatu. Tulivuka bara kwenda kijiji cha Hindi harusini, kwa mjomba wako, ambaye zama hizo alikuwa askari wa akiba wa kupambana na majambazi waliokuwa wakivamia mabasi njia ya Garsen. Adhuhuri wanaume walikwenda kuswali, naye akaiacha bunduki nyuma ya mlango, ameifunika kikoi. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Kilichonishtua ni kimya chako, maana wewe hukuwa mtoto wa kunyamaza. Nikatoka na machicha mikononi. Nikakukuta umeiangusha mkekani, kikoi kiko kando, kitako umekikumbatia kama unavyokumbatia mto, na kidole unapapasa chuma. Sikupiga kelele, nilichelea utashtuka. Nilikuita kwa sauti ya kukupa kashata, ukaiacha ukaja. Mjomba wako aliporudi akaifungua, risasi ikaanguka sakafuni. Alikaa kizingitini akalia mbele za watu. Mtu mzima yule, amefunzwa, na wala si mzembe. Hakukaa hata robo saa msikitini.

Basi ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wako amenitafutia hesabu za huko kwenu. Mwaka 2023 watu karibu 46,700 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Nilimwambia asome tena, kwa sababu mimi nilidhani ni mambo ya wezi na waliovamiwa. Tena akaniambia tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa huko, kuanzia mwaka 1 hadi 19, imepita hata ajali za magari.

Hapo nikakukumbuka wewe. Ulipoachishwa kazi, ukawa unanipigia saa nane za usiku wa kwenu, huna la kusema, nasikia pumzi zako tu. Nilikuwa nakusomea Yaasin mpaka upate usingizi. Mwanangu, usiku ule ungekuwa na bastola kwenye droo? Nakuuliza kwa mapenzi. Mtu aliyemeza dawa huwahishwa hospitali, na wengi wanaookolewa huishi miaka yao. Bunduki haimpi mtu nafasi hiyo. Mkeo anajua habari za zile simu? Mwambie. Huko Minnesota, tangu Januari 2024, watu wa nyumbani wanaweza kwenda mahakamani kuomba mtu aondolewe bunduki kwa muda akiwa katika hatari ya kujidhuru. Ni sheria ya huruma, mimi naiona hivyo.

Nimependa pia habari za Chicago, kwamba tangu 2000 kuna mpango unaowachukua watu wa mitaani wenyewe, wanaojuana na vijana, wawaendee wakati ugomvi ungali wa maneno na kuupoza kabla hajafuatwa mtu kulipiza kisasi. Wazee wetu barazani wangeielewa kazi hiyo bila kufundishwa. Uliza kama mtaani kwenu ipo, na ukipata nafasi ujiunge nao. Hiyo nayo ni kulinda nyumba.

Wewe ni mtu mzima, siwezi kukufunga mikono. Ukishaamua, basi iwe tupu, ifungiwe kwenye kasha la chuma, na risasi zifungiwe mbali nayo. Sheria ya huko inamshika mtu anayeacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Na wajukuu zangu wakialikwa kucheza kwa watu, uliza kwanza kama kuna bunduki nyumba ile na imefungiwa wapi. Usione haya. Unauliza habari za mbwa, uliza na hiyo.

Nipigie Jumapili baada ya isha ya huku, kwenu itakuwa inakaribia adhuhuri. Usimpe mkeo simu kwanza. Niambie umeinunua au hujainunua, na kama umeinunua, niambie ufunguo uko wapi.

Mamako