Malalamiko Kuhusu Maigizo ya Vita vya Tanga Tuliyouziwa Ras Kasone

Chumbageni,
Tanga.
11 Novemba 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Utalii,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAIGIZO YA VITA VYA TANGA, 2 NOVEMBA 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Jumamosi hiyo nilikuja Ras Kasone na mke wangu na wajukuu wetu wawili kutazama maigizo ambayo gari lenu la matangazo lilizunguka nayo mji mzima. Nililipa shilingi 110,000: watu wazima 35,000 kila mmoja, watoto 20,000. Mliahidi usafiri wa Kosta, kuanza saa 4 asubuhi, pilau na kinywaji baridi, kisha matembezi kwenye makaburi ya vita.

Kosta ilitufuata saa 5 na robo. Maigizo yalianza saa 7 kasorobo. Jua la Tanga mwezi wa Novemba mnalijua. Turubai lilikuwa moja, na chini yake walikaa waalikwa wenu. Pilau iliisha foleni ikiwa bado ndefu, sisi tukapewa chapati moja moja na soda ya moto. Makaburini hatukwenda, dereva alisema muda umekwisha. Kwa hayo peke yake ningeandika mistari mitano, nidai sehemu ya fedha zangu, yaishe.

Lakini nimekaa chini kuandika kwa sababu ya vita yenyewe mliyotuonesha.

Waingereza wenu walikuwa vijana kumi na wawili waliopakwa unga usoni, wakashuka kutoka mashua mbili za wavuvi, na mshereheshaji akatangaza kwamba hao ndio "Wazungu elfu nane". Jeshi la Waingereza la Jenerali Aitken, lililotua hapa mwaka 1914 katika Vita Kuu ya Kwanza ili kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, lilitoka India. Kati ya watu wake wapatao 8,000, batalioni ya Kiingereza ilikuwa moja tu, Loyal North Lancashire. Waliobaki karibu wote walikuwa Wahindi na Wagurkha, waliosafiri baharini majuma mawili kutoka Bombay kuja kufia kwenye mashamba yetu ya minazi na mikonge. Nyuma yangu ilikaa familia ya Kihindi, wazaliwa wa mji huu huu. Walitazama mwanzo hadi mwisho, wasisikie neno "Mhindi" hata mara moja.

Upande wa pili ndio ulioniuma zaidi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari weusi, na walioletwa kutoka Moshi walikuja kwa treni ya reli ya Usambara. Askari hao ndio walioulinda mji. Zaidi ya 50 walikufa. Ninyi mlituletea askari sita, sare za mgambo, bunduki za plastiki, na siku nzima walipewa maneno mawili ya kusema: "Ndiyo, Bwana." Badala yake dakika ishirini nzima mlimpa afisa wa Kijerumani, Kapteni Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, mkatuomba tumpigie makofi alipoanguka. Huyu ndiye aliyepigana na Wahehe wa Mkwawa kabla hajafa hapa. Atajwe, sikatai, ni sehemu ya habari. Lakini makofi? Mke wangu alinishika mkono nisisimame.

Wapagazi hawakuwapo kabisa. Nilimfuata kijana wenu mwenye fulana ya waandaaji nikamuuliza wako wapi. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, bajeti haikutosha." Jibu hilo halijanitoka kichwani. Katika vita ile nzima, wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi chao, Carrier Corps. Hata wakoloni waliposimamisha Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam mwaka 1927 waliona haya kuwaacha, wakaandika chini yake kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya majeshi. Mtu mmoja tu mwenye sanduku kichwani, apite uwanjani mara moja, angewagharimu shilingi ngapi?

Sasa nyuki. Najua ndio kivutio chenu, mmewachora kwenye bango. Mlimweka kijana juu ya mti, "Mjerumani" akapiga filimbi, kamba ikavutwa, mzinga wa plastiki ukafunguka na spika zikavuma. Watoto walicheka sana. Hakuna Mjerumani aliyetega nyuki. Huo ni uvumi wa walioshindwa, yaani Waingereza. Mizinga ilikuwa kwenye miti, risasi zikaivuruga, na nyuki wakauma watu wa pande zote mbili. Mjukuu wangu wa darasa la tano sasa anaamini habari ya kamba kuliko yangu mimi, kwa kuwa yeye ameiona kwa macho yake.

Sikatai kwamba palikuwa na juhudi. Wale vijana waliojilaza mchangani wakiwa maiti, karibu nusu saa juani bila kutikisika, walifanya kazi ya kweli, na natumaini wao walipata pilau. Na tarehe sina ugomvi nayo, ingawa tarehe 2 ilikuwa siku ya manowari ya HMS Fox kuingia na kudai mji usalimu amri. Mapigano yalianza kesho yake. Jumamosi ni Jumamosi.

Nimewaandikia WhatsApp mara tatu tangu tarehe 4. Tiki za bluu naziona, jibu sijaliona.

Naomba mnirudishie shilingi 70,000, kwa chakula, ucheleweshaji na safari ya makaburini ambayo haikufanyika. Iliyobaki kaeni nayo, maigizo niliyatazama. Pia naomba maelezo ya mshereheshaji yasahihishwe kabla hamjawachukulia fedha wanafunzi wa shule, kama mlivyotangaza mtafanya Januari. Mkinitumia maandishi yenu nitayapitia bila malipo, kalamu nyekundu bado ninazo. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitawasilisha suala la fedha kwa Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya tangazo lenye neno "pilau", na picha ya mzinga ambayo kamba inaonekana vizuri.

Wako,

Mteja wa tiketi nne,
Mwalimu mstaafu, Chumbageni.