Kochi, mbona mtoto amekaa tu?

Wiki jana mama mmoja wa Maweni alikaa chini ya mkilifi akamtazama mwanawe akifanya mazoezi mpaka mwisho. Kisha akanijia. "Kochi, nimetoa mia tano. Mtoto kakimbia mara sita, saa nzima iliyobaki yuakaa. Mimi nalipia kukaa?"

Si wa kwanza kuniambia hivyo. Wakenya tumelelewa na mbio ndefu, kwa hiyo mzazi huhesabu kilomita. Mbio fupi zina hesabu yake. Akiba ya nguvu ambayo msuli huitumia kwa kasi kamili hukaribia kuisha kwa sekunde kumi hivi, na kuijaza tena huchukua dakika kadhaa. Mimi hutoa dakika moja ya kupumzika kwa kila mita kumi: mita 30 dakika tatu, mita 60 dakika sita. Ndio maana kijana akaonekana amekaa.

Nikampa mama saa ya kupimia mbio ashike mwenyewe. Mita 30 za kwanza, sekunde 4.5. Nikamrudisha kijana mstarini baada ya nusu dakika, tena na tena. Ya nne ikatoka 4.9: mabega yamepanda, kisigino chatua kwanza. Mtoto akizoezwa hivyo kila siku, mwili wake hujifunza kukimbia polepole. Saa ikishaanza kupanda, mimi hufunga kazi hata kama yamebaki marudio mawili, na bei haipungui kwa hilo. Kujua pa kuachia ndiyo kazi yenyewe.

Linaloniuma ni la njia ya mkato. Mwaka juzi baba mmoja alimtoa kijana wake kwangu wiki tatu kabla ya michezo ya shule ili aokoe pesa. Kila alfajiri akawa anamkimbiza ufuoni Silversands, mchanga laini, kilomita nane. Siku ya mchujo kijana akatoka vizuri, akaongoza. Karibu na mita ya 60 akashika paja, akaruka kwa mguu mmoja hatua tatu, akaketi katikati ya njia yake. Msuli wa nyuma ya paja mara nyingi huchanika mguu unapotupwa mbele, kabla haujatua, na ni kasi kamili tu inayouvuta namna ile. Mbio za taratibu haziuandai. Alikaa nje wiki tisa, na pesa za kumkanda na kumtibu zilipita ada yangu ya muhula mzima.

Mchanga siukatai. Maji yakipwa, ule mgumu wa karibu na maji twautumia kupasha mwili. Kwenye ule laini mguu huzama, ilhali mkimbiaji wa mita mia hodari hugusa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Na kasi haitoki kwenye mbio ndefu: Omanyala, aliyekimbia mita mia kwa sekunde 9.77 Kasarani mwaka 2021, alitoka kwenye raga, si kwenye marathoni.

Mia tano yako pia ina lile zoezi la msuli wa nyuma ya paja, watoto wasilolipenda: kupiga magoti, mwenzako akushike vifundo, ujishushe mbele polepole. Mara mbili kwa wiki, na mimi nasimama hapo hapo nikihesabu.

Mlete mtoto wiki kumi na mbili kabla ya mashindano. Ukija zimebaki mbili, pesa yako sitaipokea.