Kihamba kiko Kibosho, ramani inasema Hispania

Vyama vya ushirika vya kahawa vinavyokuja ofisini kwetu Moshi, tunakotengeneza ramani, huja na kitu kilekile: faili la Excel lenye majina ya wakulima na majiranukta (namba zinazoonyesha mahali palipo) ya vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, yamechukuliwa kwa simu. Mnunuzi wa Ulaya ndiye anayeyataka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayozuia bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu inadai kila shamba la kahawa lijulikane liliko. Linalozidi hekta 4 lichorwe mpaka wake wote. Dogo zaidi laweza kuwa nukta moja, yenye tarakimu sita baada ya desimali. Vihamba vingi huku kwetu havikaribii hekta 4, kwa hiyo nukta zinatosha.

Kugeuza orodha hiyo kuwa tabaka la vekta, yaani nukta na mipaka iliyochorwa juu ya ramani, ni kazi nyepesi. Unafungua QGIS, programu ya bure ya ramani, unaleta jedwali, unaionyesha safu ipi ni longitudo na ipi latitudo, nukta zinajitokeza. Vituko huanzia hapo. Moshi iko karibu na latitudo -3.35 na longitudo 37.34. Aliyesahau alama ya kutoa hukuta wakulima wake wako kaskazini mwa Kenya, kwenye ukame wa Marsabit. Aliyepishanisha safu mbili hizo huwakuta mkoa wa Granada, kusini mwa Hispania. Makosa haya hatuyaogopi, maana hata mtoto atayaona.

Tunaloliogopa ni lile dogo. Ramani za zamani za serikali za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa majiranukta uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu inatumia mwingine, WGS 84. Namba za UTM (majiranukta ya mita badala ya digrii, dunia ikigawanywa kwa kanda) za mifumo hiyo zinafanana kwa sura kiasi kwamba ukizitazama tu huwezi kujua zipi ni zipi. Ukichanganya, tabaka zima linasogea kama mita 300. Kwenye ramani ya mkoa hutashtuka. Lakini kule juu, vihamba vinakopakana na msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, mita 300 zinatosha kumwingiza mkulima ndani ya hifadhi, na kahawa yake ikatiliwa shaka bila kosa lolote. Ndiyo maana swali letu la kwanza ni: namba hizi zilitoka kwenye kifaa gani, au kwenye ramani ipi?

Kwa wateja wa Arusha kuna la ziada. Longitudo 36 inaupasua mkoa: miji ya Arusha na Monduli iko kanda ya 37 ya UTM, Karatu na Ngorongoro kanda ya 36. Mwenye wakulima pande zote mbili tunamhifadhia kila kitu kwa digrii za WGS 84. Ekari tunazikokotoa baadaye, kwa sababu eneo linalopimwa kwa digrii halimwambii mtu chochote.

Na hizo tarakimu sita zisikudanganye. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, wakati simu iliyo chini ya migomba huyumba mita kadhaa. Simama palipo wazi, subiri namba zitulie, ndipo uhifadhi.

Mashamba makubwa tunayachora kama poligoni, yaani umbo linalofuata mpaka wote, tukiiagiza programu ivute kila kona mpya ishike kona ya jirani, mipaka isipandane wala kuacha upenyo. Tunakukabidhi GeoPackage, faili moja linalobeba matabaka yote. Ukitaka Shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani, utapewa, ila jina la safu hukatwa likizidi herufi 10: "jina_la_mkulima" na "jina_la_mkoa" yote yanabaki "jina_la_mk", na programu inalazimika kuibatiza mojawapo jina la ajabu. Leta majina mafupi.

Ramani hizi ni za biashara ya kahawa. Anayetafuta hati ya ardhi tunamwelekeza kwa mpima ardhi aliyesajiliwa.